Somo: Kwa Nini Watu Hukataa Chanjo, na Sisi Tufanye Nini?



Kwa kawaida masomo yetu huzungumzia mashamba, maji, mipaka na ugawaji wa chakula, kwa sababu hayo ndiyo mambo yanayoleta ugomvi kambini na vijijini. Somo hili linahusu sindano. Hatukuliandika kama waganga, maana shahada hiyo hatuna. Tumeliandika kwa sababu tangu mwaka 2018 tumeitwa mara nyingi kusuluhisha ugomvi ulioanza siku timu ya chanjo ilipofika: wazazi na wauguzi, bloku na bloku, hata mume na mke wake. Na tuseme ukweli tangu mwanzo: mara moja moto huo tulisaidia kuuwasha sisi wenyewe. Tutalieleza jambo hilo mbele.

Katika ripoti nyingi, zetu za zamani zikiwemo, mzazi aliyekataa chanjo aliandikwa kuwa "mkaidi" au "hajahamasishwa". Tunawaomba mliweke neno hilo kando mnaposoma somo hili. Mtu anayekataa ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni ya zamani kuliko chanjo yenyewe.

BENI NA BUTEMBO, 2018 HADI 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina na Beni. Ugonjwa ulienea hadi Ituri. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Duniani kote, ni mlipuko wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016 tu ulioupita kwa ukubwa.

Lakini safari hii kulikuwa na chanjo. Ilianza kutolewa siku chache tu baada ya tangazo, na hatimaye watu zaidi ya 300,000 waliipata. Katikati ya mwaka 2019 ikajulikana pia kwamba dawa mbili zinaponya, na kwamba mgonjwa anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kurudi nyumbani akiwa mzima. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Yaani dawa imetoka kwetu. Basi kwa nini ilichukua karibu miaka miwili?

Jibu moja ni vita. Jibu la pili ni lile tunalotaka kulitazama hapa: watu wengi hawakuwaamini wale walioileta.

Tuwaze kama mama wa Beni. Tangu Oktoba 2014 majirani zake wanauawa kwa panga na risasi. Ameomba ulinzi, ameandamana, ameuza mbuzi wake ili akimbilie mjini. Halafu mwaka 2018 yanaingia magari mapya kwa makumi, hoteli zinajaa, vijana wa mahali pengine wanapata mishahara, na yote ni kwa ajili ya ugonjwa mmoja ambao yeye bado hajamwona mtu aliyeugua. Anauliza: "Tulipokuwa tunakatwa hamkuja. Mbona kwa Ebola mmekuja?" Swali hilo tumelisikia kwa masikio yetu, na zaidi ya mara moja. Si swali la mjinga. Mwaka huohuo wa 2019 surua iliua watu wengi zaidi nchini kuliko Ebola, wengi wao watoto wadogo, na magari yaliyokuja kwa ajili ya surua yalikuwa machache.

Kisha ikaja siasa. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Kura yao ikasogezwa hadi Machi 2019. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, wao bado hawajapiga kura. Kesho yake baada ya tangazo la CENI, waandamanaji wa Beni walivamia kituo ambamo wagonjwa walisubiri majibu ya vipimo, na baadhi ya wagonjwa wakatoroka. Mtu aliyekuwa akisema "Ebola ni ya siasa" sasa alikuwa na ushahidi wa kuwaonyesha wenzake, na hakuna kipaza sauti kilichoweza kumjibu.

Watafiti waliwahoji watu 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018. Karibu mmoja kati ya wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Waliosema kwamba wanawaamini viongozi wa mahali pao walikuwa takriban theluthi moja tu. Na wale ambao imani yao kwa viongozi ilikuwa ndogo ndio ambao pia walikuwa wazito kukubali chanjo. Wakubwa wa kambi tunawaomba warudie kusoma sentensi hiyo. Haizungumzi juu ya daktari. Inazungumza juu yetu sisi viongozi.

Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Muuaji ni muuaji. Hatutafuti udhuru kwa ajili yake, na mashambulizi mengine yalikuwa ya vikundi vyenye silaha vyenye makusudi yao. Lakini tuliona pia jinsi kila shambulio lilivyoleta wanajeshi wengi zaidi pembeni ya wachanjaji, na jinsi kila mwanajeshi alivyowafanya watu wafunge milango.

Kuna jambo moja zaidi ambalo si rahisi kuliandika. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani (OMS) ilitoa ripoti juu ya wanaume waliofanya kazi katika riposti, ndiyo mapambano ya Ebola, ambao waliwataka wanawake na wasichana mwili ili wawape kazi. Kwa hiyo si kila kilichoitwa uvumi kilikuwa uongo. Anayetaka kujenga kuaminiana katika nchi hii aanze kwa kukubali hilo.

KAMBI MOJA YA ITURI

Sasa tueleze kosa letu. Katikati ya mwaka 2019 tulikuwa tukifanya kazi katika kambi moja ya watu waliokimbia kutoka Djugu. Surua iliingia. Mahema yalikuwa yamebanana kiasi kwamba ukikohoa ndani ya moja, jirani anakuambia pole. Timu ya chanjo iliandaliwa haraka, nasi tukaombwa "kuandaa watu" kwa siku tatu.

Tulizunguka na megafoni tukisema: "Chanjo hii haina madhara yoyote." Tuliisema sentensi hiyo labda mara mia. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, aliandika katika daftari majina ya wazazi waliokataa, ili tuwarudie. Na katika juma hilohilo timu ya Ebola ilikuwa ikipita vijiji vya karibu, hata watu wengi wakadhani ni sindano ileile iliyobadilishwa jina. Hatukulifikiria hilo. Hatukuuliza.

Watoto wengi walichanjwa. Baada ya juma moja baadhi yao walipata homa. Kisha mtoto mmoja ambaye bado hajatimiza miaka miwili akatoka vipele, akazidiwa, akafa. Muuguzi aliyemchanja alikuwa wa jamii nyingine, ile ambayo familia nyingi za bloku hiyo zilisema iliwachomea nyumba. Unaweza kujua yaliyofuata. Usiku ule mawe yalirushwa kwenye hema la afya. Vijana wakaenda kutafuta ndugu za muuguzi. Halafu likaibuka lile daftari: ilisemwa kwamba wenye majina ndani yake watanyang'anywa jetoni za chakula, na kwamba orodha imeshapelekwa mjini. Tuliitwa saa nne ya usiku.

Tulifika na maelezo tayari mdomoni. Mzee mmoja alitusimamisha njiani akatuuliza: "Mmekuja kueleza, au mmekuja kulia?" Tulinyamaza. Kisha tukaenda kukaa kwenye matanga. Tulileta unga na sukari kama jirani yeyote, tukakaa chini siku mbili, na hatukutaja chanjo hata kidogo. Wakubwa wa bloku zote mbili walikubali kulala karibu na hema la ndugu za muuguzi, na hakuna aliyeguswa. Hilo ndilo jambo jema tulilolifanya juma lile, na hata hilo halikuwa wazo letu.

Siku ya tatu baba wa mtoto ndiye aliyeuliza. Daktari wa zoni ya afya alikuja kwa pikipiki, bila askari, akaketi kwenye benchi pamoja na watu. Alieleza kwamba surua hukaa mwilini siku 10 hadi 14 kabla ya vipele kuonekana, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa ameshaambukizwa siku aliyochanjwa, na chanjo ikawa imemkuta ugonjwa umeshatangulia. Mtu mmoja akamuuliza kama ana hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto huyu. Daktari akajibu: "Nadhani ndivyo, lakini sampuli haikuchukuliwa, kwa hiyo siwezi kuapa." Tuliogopa jibu hilo litaharibu kila kitu. Kinyume chake, ndilo lililowafanya watu wamsikilize.

Baba akatugeukia sisi. "Basi nyinyi, mbona mlisema haina madhara yoyote?" Hatukuwa na la kujibu. Chanjo ya surua kweli inaweza kuleta homa, na hata vipele vidogo, kati ya siku ya 7 na ya 12. Tulilijua jambo hilo, tukalificha tukidhani tunarahisisha kazi. Tuliomba msamaha mbele ya mkutano wote, na daftari likachanwa palepale.

Timu iliporudi, baba yule alimleta mtoto wake mwingine. Mama alikataa kuja, na hata leo hatujui kama alisamehe. Familia kadhaa za bloku ile hazikuchanja tena wakati wote tuliokuwa pale.

MAMBO YA KUELEZA BILA KUFICHA

Kiongozi hahitaji kuwa daktari, lakini yako maswali machache yanayorudi kila mahali, na afadhali awe na jibu la kweli.

Kwanza, kwa nini wanataka watoto karibu wote? Kwa sababu surua inaambukiza kuliko magonjwa mengi tunayoyajua. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi vinaweza kubaki hewani ndani ya chumba hata saa mbili baada yake kutoka. Ili ugonjwa usipite, inatakiwa watu kama 95 kati ya 100 wawe na kinga. Katika kambi, hema tano zilizobaki nje si kitu kidogo. Lakini pia si ruhusa ya kuzitisha.

Pili, mbona watoto wanaugua baada ya kuchanjwa? Homa ya chanjo ipo, na hupita. Zaidi ya hapo, kambini malaria na kuhara hupiga watoto kila juma, chanjo iwepo isiwepo. Ukichanja watoto elfu moja, baadhi yao wataugua juma lilelile kwa sababu nyingine kabisa. Jambo hili lisemwe kabla ya chanjo. Likisemwa baada ya mtoto kufa linasikika kama kujitetea, hata likiwa kweli.

Tatu, swali la wakati wa Ebola: kwa nini jirani amechanjwa na mimi nimeachwa? Chanjo ile ilitolewa kwa duara. Walianza na watu waliomgusa au kumhudumia mgonjwa, kisha wale waliokutana na watu hao, pamoja na wauguzi, ili kuuzungushia ugonjwa ukuta. Njia hiyo ni nzuri. Lakini katika nchi ambayo watu wamezoea kuona vitu vikigawiwa kwa upendeleo, kuchanja nyumba moja na kuruka nyingine bila maelezo ni kualika maneno. Mwanzoni, tena, wanawake wajawazito na wanaonyonyesha hawakupewa. Mwaka 2019 utaratibu ukabadilishwa wakaruhusiwa. Watu wakauliza: jana ilikuwa hatari, leo imekuwaje salama? Waliokuwa na jibu walikuwa wachache, nalo lilikuwa rahisi: mwanzoni hapakuwa na uzoefu wa kutosha kwa wajawazito, waganga wakaogopa, kisha wakaona kwamba kuwaacha kwa Ebola ni hatari kubwa zaidi.

Swali la nne ni la kuchelewa. Chanjo ya mpox ilipofika kwetu Septemba 2024, watu wa Goma walituuliza kwa nini Ulaya na Marekani walichanjwa tangu 2022, wakati ugonjwa huo ni wa kwetu tangu zamani. Hapo hatuna cha kutetea. Wana haki ya kuuliza, na anayekubali hivyo atasikilizwa katika mengine.

KILICHOSAIDIA

Huko Beni yalitumika mahema yenye kuta zinazopenya macho, ili familia imwone mgonjwa wake, izungumze naye, ione kwamba hakatwi viungo wala hauzwi. Waliopona Ebola walifanya kazi ya kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walilazwa, kwa kuwa wao walikuwa na kinga. Mazishi yalianza kukubalika pale familia ilipopewa nafasi ya kuomba, kutazama na kushiriki bila kugusa maiti. Katika mambo hayo matatu hakuna hotuba hata moja. Watu waliruhusiwa kuona.

Kwa hiyo kiongozi anapoambiwa kwamba timu inakuja, asianze kwa kuitisha watu. Aanze kwa kuiuliza timu: chanjo ya ugonjwa gani, kwa watoto wa umri gani, ni bure kabisa? Nani atachanja, na anasema lugha gani? Mtoto akipata homa usiku aende wapi, na nani atalipa? Timu isiyo na jibu la swali hilo la mwisho iambiwe ijipange kwanza. Tunajua ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyekuja na gari, na sisi tumeshindwa mara nyingi. Silaha zibaki nje ya kambi ikiwezekana. Pale usalama usiporuhusu, ni heri kiongozi awaambie watu mapema kwamba askari watakuwepo na kwa nini, kuliko waamke wawakute.

Katika kamati inayopokea timu, waketi pia wanawake, na watu wa kila jamii iliyopo kambini, na angalau mtu mmoja au wawili wanaojulikana kuwa na mashaka. Tulizoea kuwaacha nje watu wa namna hiyo. Tangu tulipoanza kuwaketisha ndani, maswali magumu yanaulizwa siku tatu kabla ya chanjo, mahali pa kukaa, badala ya kuulizwa saa nne ya usiku na mawe mkononi.

Majina ya waliokataa yasiandikwe na mtu wa jirani. Chanjo isifungwe kamwe na chakula, jetoni au mahema, hata kwa mzaha. Mchungaji au imamu akiwa tayari kumchanja mtoto wake wa kwanza mbele ya watu, ni vizuri; akiwa na mashaka yake, asilazimishwe kuigiza, kwa maana kambi nzima itajua kabla ya jioni. Na mtu akiuliza jambo ambalo kiongozi halijui, aseme: "Sijui. Nitauliza, nitakurudia Jumatano." Kisha Jumatano arudi, hata kama hakupata jibu.

KWA MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Someni somo hili kwa sauti, wanawake na wanaume pamoja au mbalimbali kama mlivyozoea. Halafu kila mmoja akumbuke mara ya mwisho alipokataa kitu alichoambiwa kuwa ni kizuri kwake. Alikuwa anamwogopa nani? Je, aliulizwa sababu?

Jadilini swali la yule mzee: kueleza au kulia. Katika kambi au kijiji chenu, msiba wa nani haukuliliwa na viongozi, na watu wake wanasema nini leo juu ya viongozi hao? Kama kuna mtu wa jamii nyingine anayewahudumia, muuguzi, mwalimu au mgawa maji, nani atalala karibu na hema lake siku mambo yakiharibika? Mtajeni kwa jina, naye aulizwe kama anakubali.

Mwisho, andikeni maswali yote ambayo watu wenu wanayo kuhusu chanjo, hata yale ya aibu, bila kuandika nani aliyeuliza. Mpelekeeni muuguzi mkuu wa kituo chenu, mpatane siku ya kuja kuyajibu mbele ya watu, na siku hiyo kiti chake kiwekwe katikati ya watu, si mbele yao.